Tairi Jepesi, Mzigo Mzito: Namna ya Kusoma Alama za Matairi ya Pikapu

Yeyote kati yetu aliyewahi kusukuma baiskeli iliyobeba mikungu ya matoke kutoka shambani hadi barabara kuu anaijua mada ya somo hili, hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Matairi yakiwa yamejaa upepo, baiskeli huenda kana kwamba nayo ina haraka ya kufika sokoni. Upepo ukipungua, tairi hulala chini ya mzigo, na msukumaji hutokwa na jasho mahali ambapo jana hakutokwa. Mzigo ni ule ule na kilima ni kile kile. Kilichobadilika ni tairi.

Nguvu hiyo inayolishika tairi lisiende wahandisi huiita ukinzani wa kuviringika. Chanzo chake ni mpira wenyewe. Kila sehemu ya tairi inayogusa barabara hubonyea chini ya uzito wa gari, kisha hurudi katika umbo lake inapoinuka. Mpira haurudishi nguvu yote uliyopokea. Sehemu ya nguvu hiyo hugeuka kuwa joto. Dereva anayesimama baada ya safari ndefu na kuweka kiganja juu ya tairi huligusa joto hilo, na joto hilo limelipiwa kituo cha mafuta. Kadiri tairi linavyobonyea zaidi, ndivyo linavyokula mafuta zaidi, na ndivyo linavyopata moto zaidi. Naomba msomaji ayashike mambo hayo mawili pamoja, mafuta na moto, maana wauzaji wengi hulitaja la kwanza na kulisahau la pili.

Tumeamua kuandika juu ya jambo hili kwa sababu maneno "tairi la kuokoa mafuta" yanasikika sana siku hizi katika vibanda vya matairi hapa Mutukula, upande wa Uganda na upande wa Tanzania. Mteja huoneshwa tairi la mtumba, huoneshwa herufi zilizochongwa ubavuni, na huambiwa kwamba tairi hilo limepimwa na serikali za Ulaya. Mara nyingi maneno hayo ni ya kweli. Tatizo ni lile ambalo mteja hudhani limepimwa.

Tuanze basi na kanuni zenyewe, huko zilikotungwa. Umoja wa Mataifa, kupitia tume yake ya uchumi iliyoko Geneva, una kanuni ya magari iitwayo Kanuni namba 117. Kanuni hiyo huweka mipaka ya mambo kama kelele ya tairi, mshiko wake kwenye barabara yenye maji, na ukinzani wake wa kuviringika. Matairi hugawanywa katika makundi matatu. Kundi C1 ni la magari madogo ya abiria. Kundi C2 ni la magari ya mizigo midogo, na humo ndimo yanamoingia matairi mengi ya pikapu kubwa na magari ya kazi. Kundi C3 ni la malori na mabasi.

Kipimo cha ukinzani huandikwa kwa kilo kwa kila tani. Tairi lenye kipimo cha 9 lina maana kwamba kila tani moja inayokaa juu yake huhitaji msukumo wa kilo 9 ili iende kwenye njia tambarare. Umoja wa Ulaya ulipoanza kuitumia mipaka hiyo, tairi la C2 halikuruhusiwa kuzidi 10.5. Katika hatua ya pili, iliyowahusu watengenezaji wa aina mpya kuanzia Novemba 2016 na matairi yote mapya ya kundi hilo kuanzia Novemba 2018, mpaka ulishushwa hadi 9. Kwa C1 ulishushwa kutoka 12 hadi 10.5. Sababu ya juhudi hizo si ndogo: katika sheria yake ya mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulieleza kwamba matairi huchangia kati ya asilimia 20 na 30 ya mafuta yanayotumiwa na magari, hasa kwa ajili ya ukinzani huo.

Marekani, nchi ya pikapu kuliko nchi nyingine yoyote, ilifuata njia tofauti kwa pikapu zake nzito, zile zenye uzito wa jumla kati ya ratili 8,501 na 14,000, yaani kama tani 3.9 hadi 6.4. Kanuni zilizotolewa mwaka 2011, na za pili zilizotolewa mwaka 2016, hazikupima tairi peke yake. Zilipima moshi na mafuta ya gari zima, na kikomo cha kila gari kilihesabiwa kutokana na kazi yake: mzigo linaoweza kubeba, uzito linaoweza kuvuta, na kama magurudumu yote manne yanasukumwa na injini. Mtengenezaji aliyetaka kufikia kikomo aliweza kuchagua tairi linaloviringika kwa wepesi kama njia mojawapo kati ya nyingi. Nawasifu waliobuni hesabu hiyo kwa jambo moja: waliuweka mzigo ndani ya kanuni tangu mwanzo. Sisi huku huukumbuka mzigo mwishoni, gari likiwa limekwisha kupakiwa.

Turudi kwenye kibanda. Tairi lililopita katika Kanuni namba 117 huwa na herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya nchi iliyolipa kibali. E1 ni Ujerumani, E2 ni Ufaransa, E4 ni Uholanzi. Kando yake kuna namba ndefu, na mwisho wa namba hiyo msomaji ataona kitu kama S2WR2. Herufi S ni ya sauti, W ni ya barabara yenye maji, na R ni ya ukinzani wa kuviringika. Tarakimu 2 inayofuata R huonesha kwamba tairi lilifikia hatua ya pili niliyoieleza. Matairi mapya Ulaya huuzwa pia yakiwa na karatasi ya rangi, yenye madaraja kuanzia A hadi E, tangu karatasi hiyo ilipobadilishwa Mei 2021. Karatasi hiyo ni nadra kuifikia mitumba, lakini wauzaji wameikumbuka herufi yake: "Hili ni daraja A."

Na ni la daraja A la nini? La wepesi wa kuviringika, likiwa jipya, likizungushwa juu ya pipa kubwa la chuma ndani ya chumba cha maabara, kwa joto la nyuzi 25, likiwa na upepo uliowekwa kwa kipimo, na likibeba asilimia 85 tu ya mzigo wake wa juu ikiwa ni la kundi C2, au asilimia 80 ikiwa ni la C1. Hakuna aliyelipima likiwa na miaka tisa, upepo nusu, magunia juu na jua la saa nane mchana. Daraja A haliongezi hata kilo moja katika uwezo wa tairi kubeba.

Uwezo wa kubeba umeandikwa mahali pengine, kwa tarakimu ambazo wengi huziruka. Chukua matairi mawili yanayoingia katika rimu moja. La kwanza limeandikwa 225/75R16C 121/120R. La pili limeandikwa 225/75R16 104T. Upana ni ule ule, kimo ni kile kile, na rimu ya inchi 16 ni ile ile. Ukiyasimamisha bega kwa bega, jicho halioni tofauti ya maana. Sasa tazama namba inayofuata ukubwa. Namba 121 ni ishara ya kilo 1,450. Namba 104 ni ishara ya kilo 900. Katika tairi la kwanza, namba ya pili baada ya mkwaju, yaani 120, hutumika pale ambapo matairi mawili yamefungwa pamoja upande mmoja. Pikapu ya tairi moja kila upande husoma namba ya kwanza. Herufi ya mwisho ni mwendo wa juu wa tairi. Herufi C baada ya ukubwa wa rimu, au herufi LT mwanzoni au mwishoni mwa ukubwa huo, huonesha tairi la gari la mzigo. Tairi la pili halina herufi yoyote kati ya hizo, kwa sababu ni la gari la familia. Kwa kuwa kuta zake ni nyembamba na nyepesi, ni bei nafuu, na likiwa halina mzigo mzito huviringika vizuri. Ndilo mara nyingi linalosifiwa kwamba linaokoa mafuta.

Tufanye hesabu pamoja. Tukadirie kwamba pikapu ikiwa tupu, magurudumu yake ya nyuma hubeba kilo 800. Mfanyabiashara anapakia magunia 15 ya mchele, kila moja kilo 100. Karibu uzito wote huo hukaa nyuma, kwa hiyo magurudumu mawili ya nyuma yanabeba kilo 2,300, sawa na kilo 1,150 kila moja. Tairi la namba 121 limebaki na nafasi ya kilo 300. Tairi la namba 104 limezidiwa kwa kilo 250, na bado hatujawahesabu vijana wanne walioketi juu ya magunia. Tairi lililozidiwa hubonyea kuliko lilivyokusudiwa, na hapo msomaji akumbuke mkono wake juu ya tairi lenye joto. Mpira uliounganishwa na nyuzi za ndani huanza kuachana nazo. Kutoka nje hakuna dalili inayoonekana.

Niliitwa kwenye ajali ya namna hiyo miaka michache iliyopita, jioni, kilomita chache kabla ya mpaka. Sitalitaja gari wala mwenyewe. Ilikuwa pikapu iliyobeba mahindi na watu watano juu yake. Tairi la nyuma la kushoto lilipasuka kwenye mteremko. Dereva, kama wafanyavyo wengi kwa hofu, alikanyaga breki kwa nguvu, na gari likazunguka na kuanguka upande. Watu wawili kati ya wale watano walifariki; mmoja alikuwa kijana wa shule aliyeomba lifti. Nilipolipima tairi lile kwa macho, uso wake ulikuwa na meno mazuri. Lilikuwa karibu jipya kwa anayeangalia meno tu. Namba yake ilikuwa ya gari dogo la abiria. Dereva, akiwa hospitalini, aliniambia kwa uchungu wa kweli, "Afande, nililinunua wiki iliyopita. Waliniambia ni la Ulaya." Na lilikuwa la Ulaya.

Wapo wanaouliza kwa nini gari kama lile lilipita barabara nzima bila kusimamishwa kwenye mizani. Jibu limo katika sheria. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari huyalazimu kupimwa magari yenye uzito wa jumla wa kilo 3,500 au zaidi. Lengo lake kubwa ni kulinda barabara zisivunjwe na malori. Pikapu nyingi zinazofanya biashara ya mpakani zimeandikishwa chini ya uzito huo, hivyo hupita kando ya mizani huku malori yakipanga foleni. Kwa pikapu hizo, mizani pekee iliyobaki ni ile namba iliyochongwa kwenye tairi, na msomaji wake ni dereva mwenyewe, au mwenye mzigo, au askari atakayemsimamisha.

Hapa sina budi kukiri jambo ambalo dereva mmoja mzee alinibana nalo katika mkutano wa kijiji. Alisema kwamba tairi lililokwisha meno hula mafuta kidogo kuliko jipya, na kwamba ameliona hilo kwa miaka 30. Wenzake walicheka. Mzee alikuwa sahihi. Meno ya tairi ni sehemu kubwa ya mpira unaobonyea. Yakiisha, mpira wa kubonyea unapungua na ukinzani unapungua pamoja nao. Tairi kipara huviringika kwa wepesi. Ila meno yale yaliwekwa ili kuyasukuma maji kando. Katika masika, juu ya lami yenye maji, tairi kipara huinuka likaelea, na usukani hugeuka bila gari kugeuka. Ndiyo maana karatasi ile ya Ulaya huweka daraja la mshiko wa majini kando ya daraja la mafuta, jambo moja lisiuzwe kwa gharama ya jingine. Watengenezaji walihangaika sana kuvipatanisha vitu hivyo viwili; kampuni ya Michelin ilipoingiza silika kwenye mpira wa matairi mwaka 1992 ndipo wepesi na mshiko vilipoanza kupatikana pamoja. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6. Uso wa tairi ukifika sawa na vinundu hivyo, tairi limekwisha, hata kama lina herufi A na hata kama linaokoa mafuta.

Umri nao husomeka. Tafuta herufi DOT na uangalie tarakimu nne za mwisho: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Zikiwa tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na sina ushauri zaidi ya kuliacha hapo hapo lilipo. Mpira hukauka hata ukikaa ghalani. Ukiona nyufa ndogo kama za udongo wa kiangazi ubavuni, usidanganywe na meno marefu.

Kuhusu upepo nitasema machache, kwa maana mafundi wetu wanajua kazi yao. Lipime tairi likiwa baridi, asubuhi kabla ya safari. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na mara nyingi kuna namba mbili, moja ya gari tupu na moja ya gari lenye mzigo. Usipunguze upepo wa tairi lenye moto njiani kwa kudhani umezidi. Likipoa litakuwa limepungukiwa, na safari ya kurudi itaanza na tairi linalobonyea. Watu wa nishati wa Marekani hukadiria kwamba kila pauni moja ya upepo inayopungua katika matairi yote manne hupoteza kama asilimia 0.2 ya mafuta. Gari lililopungukiwa pauni 15, jambo ninalolikuta kila wiki, limepoteza asilimia 3. Utafiti mwingine wa huko huko, uliotolewa mwaka 2006, ulionesha kwamba tairi lililopunguziwa ukinzani kwa asilimia 10 huokoa kati ya asilimia 1 na 2 ya mafuta. Kwa hiyo dereva anayenunua tairi la sifa kisha akaliacha na upepo mdogo amelipa mara mbili na hakupata kitu. Anayetaka kuokoa mafuta aanze na kipima upepo, maana bei yake ni ndogo kuliko ya tairi lolote.

Katika ukaguzi wetu wa siku za soko, askari wameelekezwa kusoma namba ya mzigo kwenye matairi ya nyuma ya kila pikapu ya biashara, kuangalia vinundu vya kuchakaa, na kutazama kama matairi mawili ya ekseli moja yanalingana. Askari anayekuambia tairi lako halifai mwombe akuoneshe namba aliyoisoma. Ni haki yako kuiona, na yeye anapaswa kuijua.

Katika mkutano ule ule wa kijiji, mama mmoja anayeleta mchele kutoka upande wa Tanzania aliinua mkono. "Afande," alisema, "mimi sina gari. Nakodi tu. Hayo matairi yananihusu nini?" Nilimjibu kwamba mchele ni wake, na mara nyingi yeye mwenyewe husafiri juu ya magunia. Nikamwandikia kwenye kipande cha boksi: 104 ni kilo 900, 110 ni kilo 1,060, 115 ni kilo 1,215, 121 ni kilo 1,450, zidisha kwa mbili, toa uzito wa gari tupu upande wa nyuma, kinachobaki ndicho kikomo chako.

Wiki mbili baadaye nilimkuta alfajiri kwenye maegesho ya pikapu, karibu na mpaka. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari, tochi ya simu mkononi, kipande kile cha boksi magotini, anasoma tairi huku dereva akimngoja. Aliinuka, akaenda kulimulika gari la pili, kisha la tatu, na kwa lile la tatu akawaita vijana waanze kupakia.